Chokaa Chini ya Bakuli

Jumapili, 5 Januari 2025

Mvua tangu alfajiri. Nimeanza daftari hili kwa sababu nimestaafu na sina tena rejista ya kujaza. Miaka ishirini na tisa nilikuwa stoo ya makumbusho Dar es Salaam nikiandika namba, kimo, upana na nyufa za vyombo vya watu waliokwisha kufa. Mkono umezoea, ukikaa bure unawasha. Sasa nipo kijijini kwetu, katikati ya Njombe na Makambako, na cha kuandika ni mvua na Mama.

Leo kanisani kulikuwa na ubatizo, watoto kumi na mmoja. Mama amekaa benchi la mwisho kama kawaida yake. Mimi la tatu kutoka mbele.

Jumatatu, 6 Januari

Mama ameshinda akishona gauni lake la kanisani. Limechanika ubavuni, pale pale palipochanika mwaka jana. Nimemwambia nitamnunulia jingine. Amesema hilo nalo litachanika.

Alhamisi, 9 Januari

Ukungu. Sijatoka.

Jumapili, 12 Januari

Mwinjilisti Yonathani amenisimamisha mlangoni baada ya ibada. Pasaka usharika unatimiza miaka mia moja na ishirini na tano, na wataweka meza ya vitu vya zamani: Biblia ya kwanza, kengele iliyopasuka, bakuli la ubatizo.

"Dada Telesia, mtaalamu wetu ni wewe," aliniambia. "Tuandikie kikaratasi cha kuweka mbele ya bakuli. Ni la mwaka gani, na mmisionari gani alikuja nalo."

Nilikubali kabla hajamaliza. Ndivyo nilivyo, mtu akiniita mtaalamu tu kichwa kinavimba.

Nieleze habari ya bakuli hilo, maana nimeizunguka miaka mingi na sijawahi kuiandika.

Mama yangu, Teodora, si wa hapa. Ni Mpangwa, alitoka Ludewa upande wa ziwani akaolewa na baba yangu huku kwa Wabena. Alikuwa akipika na kufua katika nyumba ya Wazungu wa misheni hadi walipoondoka mwaka 1978. Waliacha orodha ya vyombo, na kwenye orodha mlikuwa na bakuli moja kubwa la bluu ambalo halikuonekana. Hakuna aliyehangaika nalo. Mwaka 1994 nilipata kazi makumbusho, nikaja likizo ya kwanza, Mama akanifanyia sherehe. Akafungua sanduku lake, akatoa bakuli kubwa jeupe lenye maua ya bluu, akaninywesha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, humo mbele ya watu wote. Alisema ni la bibi yake. Shangazi Prisila, dada wa baba, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Hilo si lile la misheni?"

Wazee wa kanisa waliniita mimi nitoe neno. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na mafunzo ya wiki sita. Nikaligeuza bakuli. Chini lilikuwa na alama ya herufi sita za Kichina, nikazifananisha na kijitabu changu, nikaona zinamtaja mfalme wa miaka ya 1400. Lakini michoro ilikuwa ya haraka haraka, si kazi ya jumba la mfalme. Basi nikaamua: alama ni ya uongo, na chombo chenye alama ya uongo ni cha juzi. Nikasema mbele ya wazee, kwa sauti ya msomi, "Hili lilitengenezwa la kuuzwa Ulaya, kama mwaka 1880."

Ulaya, 1880, Wazungu wa misheni. Walichobakiza ni kuandika tu.

Mama akawekwa chini ya marudi. Kwa asiyejua: asiikaribie meza ya Bwana, akae benchi la mwisho, na akifa hazikwi na kanisa, mpaka atakaposimama mbele ya usharika atubu. Mama hakutubu. Alisema kutubu wizi ambao hakuufanya ni kumdanganya Mungu nyumbani kwake. Ana miaka thelathini na mmoja kwenye benchi hilo. Bakuli wakalichukua, na kwa kuwa lile la bati la ubatizo lilikuwa limetoboka, wakaanza kubatizia humo.

Mimi niliamini kwamba alilichukua. Niandike hivyo hivyo bila kujificha. Nilimpenda, nilimtumia sukari na vitenge, na niliamini mama yangu ni mwizi.

Jumanne, 14 Januari

Mianzi imeanza kutoa. Wagemaji wanapita asubuhi na jioni na visu vyao. Mama amekunywa ulanzi mtamu kikombe kimoja akasema mwaka huu ni mwepesi.

Jumamosi, 18 Januari

Yonathani alinifungulia chumba kidogo nyuma ya madhabahu, akanitolea bakuli kabatini, akaniacha. Nilikuwa na tochi na kioo changu cha kukuzia, kile nilichopewa siku ya kustaafu. Mvua ilikuwa ikipiga bati hadi sisikii kitu. Nililishika bakuli kwa mara ya kwanza tangu 1994.

Nilianza na ukingo. Ule utando wa kioo juu ya udongo umemong'onyoka vidoa vidoa, kama nguo iliyoliwa na mende. Hiyo haiigizwi kwa urahisi. Udongo na utando havikupatana ndani ya tanuri, basi vikaachana polepole kwa miaka mingi. Nikahamia kwenye bluu. Chini ya kioo haikutulia sawasawa, kuna mahali imezama na kuwa nyeusi, na mapovu ndani yake ni makubwa kwa madogo. Nikatazama michubuko ya matumizi. Imekwenda kila upande, imejaa weusi. Mtu anayezeesha chombo kwa msasa michubuko yake yote huelekea upande mmoja.

Halafu nikaligeuza. Pete ya kitako imegandiwa na chembe za mchanga wa tanuri. Pale utando unapoishia pana rangi ya chungwa, udongo ulioungua. Na katikati, chini ya alama yangu ile ya uongo, kuna mistari myembamba ya kisu cha mfinyanzi inayotoka katikati kwenda pembeni.

Hili ni bakuli la miaka ya 1580 hadi 1620. Sina shaka hata kidogo. Vigae vya namna hii kutoka Kilwa vimepita mikononi mwangu mamia. Na ile alama? Wachina wenyewe waliandika jina la mfalme wa kale kwa kumheshimu, hata kwenye vyombo vya sokoni. Alama inaweza kudanganya na chombo kikawa kizee vilevile.

Kinachonikaba ni hiki. Habari ya alama niliijua tangu mwaka 1997 au 1998. Nilifundishwa, nikaandika kwenye daftari, nikawafundisha wengine. Nilikuja nyumbani kila Krismasi, nikalitazama bakuli kutoka benchi la tatu likimiminwa maji, na sikuwahi kuomba niligeuze tena. Sikutaka kujua.

Jumapili, 19 Januari

Nimekwenda kanisani. Nimekula Chakula cha Bwana. Hakikushuka vizuri.

Jumatatu, 20 Januari

Nimekwenda Makambako kwa ajili ya mtandao, huku kwetu mvua imeua simu. Nimemtumia Margareth picha kumi na nane. Tulikuwa naye stoo moja, sasa ni daktari wa mambo haya, mimi nilibaki kuwa mtunza rafu. Jumamosi nilikuwa nimepiga picha hata ya punje nyeupe iliyojificha ndani ya pete ya kitako, ndogo kuliko punje ya ulezi. Nilitaka kuidondoshea siki nione kama itatoa povu, chupa nilikuwa nayo mkononi. Nikairudisha mfukoni.

Nimerudi na mafuta ya taa na viatu vimejaa matope.

Jumatano, 22 Januari

Hakuna jibu. Nimekwaruzana na Mama kuhusu kuni mbichi.

Na usiku nimewaza: umri wa bakuli si mwisho wa shauri. Katibu wa wazee, Silvanus, namjua. Atasema mmisionari naye angeweza kuwa na bakuli la mwaka 1600, tena Wazungu ndio wanaopenda vitu vya zamani. Atakuwa na haki. Umri unaonyesha kwamba nilikosea, hauonyeshi kwamba Mama hakuiba.

Ijumaa, 24 Januari

Margareth amejibu kwa sauti. Nimesikiliza mara nne.

"Telesia, miaka ya 1600, wala usihangaike. Ila hiyo punje ni chokaa, tena chokaa ya matumbawe, hebu ikuze uone vitundu vyake. Bakuli hili lilipachikwa ukutani pwani, kaburi au msikiti. Sasa mbona imebaki punje moja? Nani alilisugua hivyo? Aliyefanya hivyo ametuua."



Jumatatu, 27 Januari

Mama hawezi kupanda kilima cha kisimani bila kusimama mara tatu.

Jumamosi, 1 Februari

Njombe, hospitali. Moyo wa Mama umepanuka. Daktari, msichana mpole, alinitoa nje akasema tuhesabu miezi, tusihesabu miaka. Nilipoingia tena Mama aliniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia amesema apunguze chumvi. Amesema, "Wewe huwezi kudanganya, hukuzoea." Niliangalia ukuta.

Jumanne, 4 Februari

Jua limetoka kidogo, tumeanika maharage. Mama alikuwa amekaa kwenye gunia akichambua, mimi nikapiga moyo konde.

"Mama, lile bakuli. Bibi yako alilipata wapi?"

Hakuinua macho. "Mwaka ule nilikuambia."

"Niambie tena."

"Babu yake bibi alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na meno ya tembo, akarudi nalo limefungwa majani. Alisema alilitoa kwenye nyumba ya wafu. Nyumba isiyo na mlango wala bati, ina nguzo moja ndefu, na bakuli limekaa kwenye nguzo, uso nje, mgongo ndani ya ukuta."

Maharage yalinidondoka. Nimefanya kazi kwenye makaburi hayo ya pwani. Nguzo ndefu, na mabakuli ya Kichina yamepachikwa ubavuni uso nje. Mengi sasa ni matundu matupu, watu waliyang'oa zamani. Mama hajawahi kufika mbali kuliko Iringa. Hajui kusoma vizuri, hakuna mahali angeona picha. Mwaka 1994 hata mimi nilikuwa sijaziona.

"Mbona hukuwaambia wazee?" nilimwuliza, na hapo hapo nikakumbuka.

"Ulinikataza," alisema. "Ulisema nyumba ya wafu ni upuuzi wa kipagani, watatucheka, nitakuaibisha na kazi yako mpya. Nikanyamaza. Nilidhani msomi anajua."

Tulichambua maharage. Baada ya muda akasema, "Kwa hiyo ni la wizi kweli. Si la Wazungu, la marehemu. Hilo nililijua siku zote. Lakini hawakuniuliza hilo."

Jumatano, 5 Februari

Mvua ya mawe. Mahindi ya nyuma yamelala.

Ijumaa, 14 Februari

Margareth ameuliza tena nani alisugua. Kisa cha Mama nimemweleza, akasema kisa na punje moja vinatosha kwake kama mtaalamu, ila ingekuwa chokaa yote ipo hata mtoto angekubali.

Mchana nilifungua sanduku langu la zamani kutafuta kile kijitabu cha alama. Nikakuta daftari langu la 1994, jalada la kijani. Nanakili:

"Bakuli la Mama. Alama haisomeki, kitako kina uchafu mweupe mgumu, mnene kama nusu ya kidole. Siki hakuna, nimeloweka katika ulanzi uliochacha. Umetoa povu sana, umelainika, nimeukwangua wote. Sasa ni safi kabisa."

Mwandiko wangu. Chini yake nimepiga mstari kwa rula.

Ulanzi ule ule wa sherehe yangu, uliobaki ukachacha. Hapa kila mwanamke anajua kwamba ulanzi uliochacha unatoa masizi kwenye sufuria. Niliuchukua ujuzi wa jikoni kwa mama yangu na kuutumia kuondoa ushahidi wake, ili nisome alama ambayo sikuielewa, ili niseme nilichosema.

Jumamosi, 15 Februari

Sijala. Mama amedhani ni malaria.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda kwa Shangazi Prisila. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Miaka yote hii nilikuwa nimemwekea yeye lawama kwenye hesabu yangu, kwamba mdomo wake ndio ulioanza. Nimemkuta mlangoni chini ya mparachichi, miguu imevimba, ananuka dawa ya kuchua. Ana miaka sabini na tisa.

"Kamwene, Shangazi."

"Kamwene. Kaa. Mama yako hajambo?"

Nikamweleza yote: mwaka 1600, kaburi, chokaa. Nilimwambia, "Shangazi, ulimtia mama yangu matatani kwa neno moja."

Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia taratibu, "Mimi niliuliza tu, Telesia. Ni kweli nilikuwa na wivu, mimi sikuwa na mtoto wa kwenda Dar es Salaam. Lakini niliuliza tu. Aliyejibu ni wewe."



"Tena ungesema silo," akaongeza, "ningenyamaza siku ile ile. Tulikuwa tunaogopa wasomi."

Akanipa parachichi sita nimpelekee wifi yake. Nilizibeba njiani nikilia kama mtoto, watu wa bodaboda wakinitazama.

Jumapili, 23 Februari

Nimebaki kwenye kiti watu walipokwenda mezani. Yonathani ameniangalia mara mbili.

Jumanne, 25 Februari

Nimemsomea Mama yale maandishi ya daftari la kijani. Nimeyasoma yote, hata "safi kabisa". Nikangoja anipige au anifukuze.

Aliuliza, "Povu lilikuwa jingi?"

"Jingi."

"Nililiona. Nilikuwa nakutazama dirishani. Nilifurahi, nikasema mwanangu anajua kufanya kazi."

Kisha akaenda kuangalia kuku. Ningependa angenipiga.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Baridi. Mama anapumua vibaya tangu jana.

Jumapili, 16 Machi

Baraza la wazee lilinipokea baada ya ibada. Mchungaji wetu ni kijana, hana hata miaka arobaini, mambo ya 1994 kwake ni hadithi. Silvanus alikuwa na vitabu vya mihtasari mbele yake. Niliweka bakuli mezani, kioo, daftari la kijani, na simu yenye sauti ya Margareth. Nikawaonyesha mmoja mmoja mchanga wa tanuri, rangi ya chungwa, mistari ya kisu, ile punje. Wazee wanaolima viazi wanajua udongo. Walielewa upesi kuliko wanafunzi niliowahi kuwafundisha. Nikawasomea maandishi yangu. Nikawaambia kisa cha nyumba ya wafu, na kwamba nilimkataza Mama asikiseme.

Mchungaji alisema, "Mimi naamini. Mama Teodora hakuiba." Wazee wakaitika kwa vichwa, wote, hata Silvanus. Nilihisi mzigo unashuka, nikafikiri imekwisha, Pasaka Mama atakula.

Silvanus akakohoa. "Hatukatai. Tatizo ni namna ya kuandika." Akafungua kitabu cha marudi akatuonyesha. Kuna safu ya jina, safu ya kosa, safu ya tarehe ya kutubu, safu ya kurudishwa. "Hakuna safu ya mtu ambaye hakukosa," alisema. "Mtu harudishwi bila toba. Tukimrudisha hivi hivi tumesema baraza lilikosea."

"Baraza lilikosea," nikasema.

"Baraza lilipewa ushahidi wa mtaalamu."

Mchungaji aliuliza kama kuna njia. Silvanus hakuwa mbaya, niandike ukweli, alikuwa anatafuta njia kwa moyo wote. Akasema ziko mbili. Ya kwanza, shauri lipelekwe jimboni. Watakaa mwezi wa saba. Ya pili ni ya haraka: Mama atubu jambo jingine. Mathalani kiburi. Amekaa miaka thelathini na mmoja bila kuitafuta meza ya Bwana, hicho nacho ni kiburi. Akisimama akatubu kiburi, Pasaka anakula, na akifa anazikwa na kengele.

Na mimi? Mimi safu zangu zimejaa vizuri. Kosa: ushahidi wa uongo, amri ya nane. Nitatubu mbele ya usharika tarehe sita Aprili, nitakaa chini ya marudi miezi mitatu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempelekea Mama neno la Silvanus. Amecheka mpaka akashikwa na kikohozi, nikampigapiga mgongoni.

"Mwambie Silvanus," alisema alipopata pumzi, "mtoto wake wa kwanza alibatizwa katika bakuli langu mwaka 1996, siku ya mvua, amevaa kofia ya kijani, hakulia. Wa pili alilia. Wa tatu walimwita Aneth. Nimewaangalia wote, nimewaombea wote, mmoja mmoja. Nimefika elfu moja mia moja na tisini na mbili. Kiburi nilikuwa nacho saa ngapi?"

Nilimsihi. Nilimwambia ni neno moja tu, Mama, liseme upate kuzikwa. Mimi ndiye niliyesema hivyo, baada ya yote haya.

"Telesia," aliniambia, na huwa haniiti jina zima, "ulishanifunga mdomo mara moja. Sasa unataka nifungue niseme uongo."

Jumanne, 25 Machi

Viazi vimeanza kuoza ardhini kwa maji. Mianzi inakauka, ulanzi unaisha.

Jumapili, 30 Machi

Mama hakwenda kanisani kwa mara ya kwanza. Miguu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimetubu. Nilisimama mbele nikasema kwa sauti: nilitoa ushahidi nisioujua, nikafuta ushahidi nilioukuta, nikamnyamazisha aliyejua. Shangazi Prisila aliletwa kwa bodaboda, alikuwa akilia kwa sauti. Watu waliniimbia wimbo wa toba vizuri sana. Wengine walinishika mkono wakasema, pole, Mungu ni mwema, miezi mitatu si mingi.

Hakuna aliyegeuka kumtazama Mama nyuma. Alikuja leo. Nilimbeba nusu ya njia.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwandikia Yonathani kikaratasi cha jubilei kama nilivyoahidi: "Bakuli la kauri, Uchina, karibu mwaka 1600. Lilitoka pwani na babu wa bibi yake Teodora, mke wa marehemu mzee wetu. Usharika umelishika tangu 1994 kwa kosa."

Jumanne, 15 Aprili

Mvua inapungua. Nimeuliza kama Mama anaweza angalau kurudishiwa bakuli. Yonathani ameona haya. Haiwezekani kabla ya jimbo kukaa, na Pasaka kuna watoto kumi na wanne.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Ameniamsha yeye, amekwisha kuvaa. Tumekwenda polepole, tukisimama kila alipotaka.

Meza ya jubilei iko mlangoni. Kikaratasi changu kipo, kimewekewa plastiki. Wamekikata kwa mkasi, vizuri, kwa rula. Kimebaki: "Bakuli la kauri, Uchina, karibu mwaka 1600." Chini mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mali ya usharika." Basi sehemu ya utaalamu wangu wameikubali. Bakuli lenyewe halikuwa hapo, lilikuwa mbele, linatiwa maji.

Mama alisoma herufi moja moja, midomo ikicheza. Alinishika mkono tukaingia.

Miguu yangu ilitaka kwenda benchi la tatu kwa mazoea. Nikaigeuza. Benchi la mwisho lilikuwa limejaa akina mama wenye watoto wachanga, pamebaki nafasi yetu mbili upande wa ukutani. Niliingia kwanza nikakaa. Mama akanivuta bega.

"Toka hapo," alisema. "Hapo pana msumari. Pita huku."

Nikamwambia basi tumwombe mtu atupishe. Akasema hawa wana watoto, watachanika. Akanipitisha, akakaa yeye ukutani, taratibu, akijigeuza kidogo ubavu kama mtu anayekaa kwenye kiti cha nyumbani kwake. Miaka thelathini na mmoja ameikalia nafasi hiyo ili asiikalie mwingine, na mimi nilikuwa nikimshauri anunue gauni.

Waliwaleta watoto. Mama alihesabu kwa vidole juu ya goti, midomo ikitaja kila jina baada ya mchungaji. Watoto wa Januari alikuwa amekwisha kuwajumlisha, akaendelea pale alipoishia. Alipofika wa kumi na nne akasema, "Elfu moja mia mbili na sita," akafumba macho kwa muda. Halafu watu wakaenda mezani, sisi wawili tukabaki.

Tumerudi. Amelala, anapumua kwa shida. Mwezi wa saba uko mbali.

Gauni limechanika pale pale. Nimelishona mimi.